Mrejesho: kamati ya ujumuishi kazini na sisi viziwi

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza nifanyeje, maana kamati ya ujumuishi kazini kwetu ilishughulikia jinsia na umri tu. Wenye ulemavu hatukutajwa hata mstari mmoja.

Nilifuata ushauri wenu, nikaandika barua. Nilitaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006: ibara ya 27 inataka marekebisho yanayofaa mahali pa kazi, yaani kubadili mambo ili mwenye ulemavu aweze kufanya kazi sawa na wengine, na ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ubaguzi.

Nikaitwa kikaoni, safari hii na mkalimani wa lugha ya alama. Mwenyekiti akawa anamtazama mkalimani: "Mwambie tumepokea barua yake." Nikainua mkono, nikajigusa kifuani. Akanyamaza, akageuza kiti, akaanza upya akinitazama mimi. Nilikaribia kulia.

Sasa mkalimani anaitwa kila kikao, nami nimo kwenye kamati pamoja na mwenzangu asiyeona. Ila matangazo ya kazi bado yanatolewa kama picha, na programu yake ya kusoma skrini, inayomsomea maandishi kwa sauti, haiambulii kitu. Hilo tunalipeleka kikao kijacho. Mlioniambia nisiende peke yangu, asanteni sana.