Mtoto wa wiki 9 anacheua kila akimaliza kunyonya, nimpe dawa gani ya kupunguza asidi?

Mama wa Mwaloni
Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, huu ni uzazi wangu wa kwanza, mtoto wa kiume, wiki 9. Ananyonya vizuri ila kila akimaliza maziwa yanarudi, mengine yanatokea puani. Usiku anajikunja mgongo, analia, anameza mate huku kakunja uso. Nimesoma kwamba ni asidi inapanda toka tumboni. Naombeni dawa: jina na kipimo. Tafadhali msiniambie niende hospitali, hilo nalijua.

Ngosha wa Igoma
Unalijua ila hulitaki. Haya, wenye majina ya dawa waje.

Nesi wa Zamu
Hongera kwa mtoto na pole kwa usiku. Kwa sehemu kubwa, maziwa kurudi kwa mtoto mchanga si ugonjwa. Msuli unaofunga kati ya umio na tumbo bado ni mlegevu, tumbo lenyewe dogo, chakula chote ni cha majimaji, na mwenye tumbo anashinda kalala. Hali hii huwa kali zaidi karibu na miezi 4, na wengi huacha wenyewe wakikaribia mwaka, wakishazoea kukaa na kusimama. Mtoto anayecheua huku anacheka na kilo zinapanda hahitaji dawa, anahitaji vitambaa vingi.

Jibu haya kwanza. Maziwa yanamwagika au yanaruka mbali? Rangi gani? Kadi ya kliniki inasemaje? Anakojoa mara ngapi kwa siku? Anakula nini na kiasi gani kwa saa 24? Analazwaje?

Nauliza la kuruka kwa sababu maziwa yakifyatuka kila mlo, na mtoto akadai tena kula hapohapo, hasa wa kiume mwenye wiki chache, inaweza kuwa msuli wa njia ya kutokea tumboni umenenepa ukaziba. Hiyo dawa yake ni upasuaji, hakuna cha chupa ya dawa.

Jiwe la Bismarck
Tatizo la msingi ni akina mama kurudi kazini mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, 100 ukijifungua mapacha, na ukirudi una hadi saa mbili za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mwajiri akikatalia, andika barua, tunza nakala, nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Sato Choma
Huyo ana mchango, mbona rahisi. Enzi zile mtoto alikuwa anapakwa mafuta tumboni na anatulia. Siku hizi kila kitu asidi, kila kitu simu.

Mama wa Mwaloni
Asante Nesi. Yanamwagika tu, hayaruki. Meupe, mengine yameganda kama mtindi. Mkojo upo, pampasi saba au nane. Kliniki walimpima kilo 7.1, alizaliwa na 3.4. Naona suala la dawa bado hakuna aliyeligusa.

Nesi wa Zamu
Nimeuliza sita, umejibu manne. Chakula na kulala umeviruka.

Mtu wa Dirisha la Dawa
Niliguse mimi, maana uzi kama huu huishia na mtu kumpa mtoto kapsuli ya mkubwa.

Omeprazole inapunguza ukali wa asidi, haizuii maziwa kupanda. Mtoto ataendelea kucheua vilevile, tofauti ni kwamba kinachopanda hakitaunguza. Ndiyo maana hupewa mtoto mwenye dalili za umio kuumia, na daktari hupiga hesabu kwa kilo. Kapsuli ya miligramu 20 ni ya mtu mzima. Vile vichembe vya ndani vimepakwa utando ili asidi isiviharibu kabla havijafika kwenye utumbo. Ukivisaga umeondoa utando, na ukigawanya kwa macho hujui umempa ngapi. Tena asidi ina kazi yake, inaua vijidudu. Kuipunguza bila sababu kunamweka mtoto karibu zaidi na kuharisha na nimonia.

Ranitidine, dawa nyingine ya asidi mnayoikuta kwenye makala za zamani, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2020 kwa sababu ya uchafu unaoitwa NDMA. Domperidone, dawa ya kuzuia kutapika, ina mambo yake na mapigo ya moyo, usiiguse bila daktari. Zile za unga wa alginate hufanya maziwa yawe mazito tumboni. Hujaribiwa wiki moja au mbili kisha husimamishwa kuona kama kuna tofauti, na hazichanganywi na maziwa ambayo tayari yametiwa uzito, yatageuka gundi. Maji ya kutuliza tumbo hayana ushahidi wa kuzuia kucheua.

Sato Choma
Maziwa ya mbuzi je? Mepesi hayo.

Mtu wa Dirisha la Dawa
Ya mbuzi hapana, ya ng'ombe hapana, mpaka mwaka utimie. Protini zake zinafanana kiasi kwamba anayekataliwa na moja mara nyingi hukataliwa na nyingine, na chumvi yake ni nyingi kwa figo changa.

Ngosha wa Igoma
Wakuu, huu uzi ni wa kutunga. Kwenye chati ya WHO, kilo 7 ni uzito wa kati wa mtoto wa kiume wa miezi 4. Wa miezi 2 ni 5.6. Huyu wa wiki 9 ana 7.1 na bado anatapika kila mlo? Anaongezeka kwa kula hewa? Na maswali ya chakula anayakwepa. Vumilieni kidogo, atatokea mwenzake na namba ya simu anauza unga wa kutuliza tumbo.

Jiwe la Bismarck
Nami nilishtuka. Mama asiyetaka hospitali ila anataka kipimo cha dawa? Moderata aufunge.

Nesi wa Zamu
Msifunge. Kilo 7.1 kwa miezi miwili iko juu kabisa kwenye chati lakini ipo, watoto hao wanapimwa kila siku. Ngosha ameona kitu cha maana akakipa jina baya. Uzito huo ndio jibu la swali nililoliuliza. Titi peke yake kutoka 3.4 mpaka hapo ni nadra. Mama, hapo nyumbani kuna chupa?

Mama wa Mwaloni
Ipo. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, natoka alfajiri, baba yake yuko kambini Ukerewe, mtoto anabaki na mama mkwe. Anapewa maziwa ya kopo, chupa ya mililita 240, mara sita. Mimi namnyonyesha usiku. Chupa ya mwisho ya jioni tunatia uji wa lishe vijiko vitatu ili alale. Uji ukawa unaziba, tukaongeza tundu la chuchu kwa sindano ya moto. Analala kifudifudi juu ya mto kwa sababu akilala chali anapaliwa.

Sikuandika mwanzo kwa kuwa mngenirukia. Mtoto hashibi, akinyang'anywa chupa anatafuta tena. Mama mkwe kalea sita, wote watu wazima. Na kapsuli nimeshazinunua leo mchana, nilichobakiza ni kipimo tu.

Sato Choma
Jiwe la Bismarck, ile barua ya siku 84 anaiandikia dagaa wenyewe au mwenye mtumbwi?

Ngosha wa Igoma
Sindano ya moto haitungwi. Narudisha nusu ya maneno.

Nesi wa Zamu
Asante kwa kusema. Nianze na mto, mengine yanaweza kusubiri kuche. Usiku huu alale chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto, chandarua kimechomekwa pembeni. Kifudifudi kwa umri huu kunahusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Hofu ya kupaliwa naielewa, lakini maumbile yanasema vingine: akilala chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, maziwa yakipanda hurudi chini yenyewe. Akilala kifudifudi njia ya hewa ndiyo inakuwa chini, na kitu kikipanda kinaielekea. Wala msiinue kichwa cha kitanda, mtoto huteleza akajikunja shingo. Kifudifudi ni kwa mchana tu, akiwa macho na mtu anamtazama.

Sasa chupa. 240 mara sita ni 1,440. Gawa kwa kilo 7.1, unapata kama mililita 200 kwa kila kilo, na titi la usiku hatujalihesabu. Kipimo cha kawaida cha mtoto wa kopo ni kama 150 kwa kilo kwa siku, na wengi hawana haja ya kuvuka lita moja. Mnajaza kupita uwezo wa tumbo, linamwagika. Likimwagika analia, anatafuta chuchu, mnasema njaa, mnajaza tena. Kutafuta chuchu si njaa kila mara. Mtoto wa umri huu hunyonya pia ili atulie, na chupa yenye tundu kubwa haimpi nafasi ya kusema basi, inamiminika tu.

Chuchu iliyotobolewa itupeni. Nunueni yenye tundu dogo kabisa. Geuza chupa juu chini: matone yafuatane polepole, yakitoka mfululizo kama uzi ni kubwa. Mchana mpeni 120 kila baada ya saa tatu hivi. Akifika 60 msimamishe, mwegemeze begani, mpapase mgongo abeue, ndipo amalizie. Akigeuza uso, mlo umeisha hata kama zimebaki 30, na mabaki yanamwagwa. Baada ya hapo ashikwe wima dakika 20 mpaka 30. Wima maana yake begani, si kwenye kiti kinachomkunja tumbo. Pampasi isibane, na abadilishwe kabla ya kula, kwa kuwa kumwinua miguu tumbo likiwa limejaa ni kulikamua.

Kopo nalo: maji yaliyochemshwa yanatangulia, unga unafuata, kijiko kilichomo ndani ya kopo, kikisawazishwa kwa kisu, kwa uwiano ulioandikwa ubavuni. Kuna mabibi huongeza kijiko kimoja ili mtoto ashike. Hicho kinampa kiu na choo kigumu, na anayesikia kiu analia kama mwenye njaa.

Mama wa Mwaloni
Kupunguza toka 240 mpaka 120 ni kumtesa. Na uji unamsaidia, usiku wa uji analala.

Mtu wa Dirisha la Dawa
Analala kwa sababu tumbo limelemewa. Unga wa lishe wa huku una mahindi, karanga, soya, na mara nyingi dagaa waliosagwa. Ni chakula kizuri sana baada ya miezi 6. Kwa wiki 9 utumbo hauko tayari, uji unachukua nafasi ya maziwa, na maji au unga ukiwa na uchafu anaharisha. Kutia uzito kwenye maziwa ni tiba inayojulikana, hospitali hufanya, ila kwa nafaka na kipimo walichochagua wao, baada ya kupunguza kiasi kwanza. Vijiko vitatu vya karanga na dagaa si tiba hiyo.

Nesi wa Zamu
Kama 120 inakutisha, shuka taratibu: 180 siku mbili, 150 siku mbili, kisha 120, na ongeza idadi ya milo. Na titi lako usilisahau. Kamua kabla ya kutoka, weka kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto la Mwanza, bila friji, yatumike ndani ya saa nne. Mama mkwe anaweza kumpa kwa kikombe kidogo, ukingo uguse mdomo wa chini, mtoto arambe mwenyewe, asimiminiwe. Aliyelea sita hatashindwa kikombe.

Mpeni wiki mbili. Akitulia, kapsuli zirudishe au uziache kabatini. Asipotulia, na hasa akitoka ukurutu au choo kikiwa na damu, anaweza kuwa anakataliwa na protini ya maziwa ya ng'ombe, na hapo daktari hubadilisha aina ya kopo na kukuondolea maziwa kwenye chakula chako wiki mbili hadi nne.

Usiyoyasubiria ni haya: matapishi ya kijani au yenye damu, yaliyoanza kuruka kwa nguvu, tumbo lililovimba likawa gumu, utosi uliojaa au kudidimia, mkojo kupungua, kukataa kunyonya, kulegea, homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Hapo ni hospitali ya Sekou Toure au Bugando, muda wowote. Na walio ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, daraja lilifunguliwa 2025, habari ya kusubiri kivuko usiku imekwisha.

Ngosha wa Igoma
Weka picha ya kadi ya kliniki basi, nirudishe na ile nusu nyingine.

Nesi wa Zamu
Usiweke. Kadi ina jina la mtoto, lako, na namba ya simu.

Mama wa Mwaloni
Mto nimeutoa. Chuchu nitanunua kesho Kirumba nikitoka sokoni. Uji bado tunabishana. Mama mkwe kasema mtoto akilia usiku nimpe hiyo simu yenu imbembeleze.

Nesi wa Zamu
Mpe titi. Simu iweke chaji.