Naomba ushauri: helmeti ya mdogo wangu ichorwe Tingatinga au iachwe ilivyo?

Kaka wa Temeke: Heshima kwenu wakubwa. Mdogo wangu anaanza kazi ya bodaboda mwezi ujao, nami nimekusudia kumpa helmeti iliyochorwa kwa mtindo wa Tingatinga, yaani ndege na samaki wa rangi kali, ili abiria wake wamtambue kwa mbali kijiweni. Helmeti ninayo tayari, ni ile ya kufunika uso wote, na ni nzima. Mchoraji anasema atatumia rangi ya mafuta ileile anayopaka kwenye picha zake, lakini nimesikia kwamba rangi huweza kuiharibu helmeti, na jambo hilo linaninyima usingizi. Je, nimruhusu aendelee, na ni rangi gani itakayostahimili jua na mvua za Dar es Salaam?

Mpenda Sanaa: Ndugu yangu, mruhusu aendelee. Edward Said Tingatinga mwenyewe, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa hiyo rangi ya mafuta ndiyo asili ya sanaa hii. Ushauri wangu ni kwamba samaki hawatapendeza kwenye umbo la mviringo. Mwambie achore ndege aitwaye kanga, kwa kuwa madoa yake hujaza vizuri sehemu iliyopinda.

Fundi Msasa: Kabla ya kufika kwenye kanga na samaki, tuanze na gamba lenyewe la nje. Kama ni faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, kazi inawezekana: unatoa kioo na sponji, unafunika kwa tepe ya karatasi matundu yote ya hewa pamoja na lile povu gumu jeupe la ndani, unapitisha msasa wa maji namba 800 ili kuondoa mng'ao tu bila kufikia nyuzi, kisha unapaka rangi tabaka jepesi baada ya jingine na kuiacha ikauke kivulini. Kama ni plastiki ya polikaboneti, thina, petroli na asetoni huidhoofisha na kuifanya ipasuke kwa nyufa ndogo ambazo macho hayazioni, na rangi ya mafuta huchanganywa na vimiminika vya jamii hiyo. Povu la ndani nalo huyeyuka likiguswa na petroli. Tafadhali soma lebo za ndani, kisha utueleze ni ya plastiki gani, ina umri gani, na kama imewahi kuanguka.

Mama Wawili: Mwanangu, mimi ni abiria wa bodaboda kila siku, na ninachokiona ni vijana wanaotundika helmeti kwenye usukani na kuivaa pale tu wanapomwona askari. Mume wangu aliwahi kununua helmeti ya bei kubwa akawa anaifungua mkanda ili apate hewa, mpaka nilipokataa kupanda pikipiki yake. Mfundishe mdogo wako kufunga mkanda kwanza, kwa maana urembo hautamshikia kichwa.

Kaka wa Temeke: Nawashukuru. Lebo inasema polikaboneti, na alama yake ya ubora ni herufi E ndani ya duara, pamoja na namba inayoanza na 05. Mchoraji ameahidi kutumia thina kidogo sana, nami nimekwisha kumlipa nusu ya fedha.

Fundi Msasa: Swali la kuanguka hujalijibu, kaka.

Kaka wa Temeke: Ilianguka mara moja. Ilikuwa ya kaka yetu mkubwa, ambaye aligongwa na gari karibu na Kibaha akavunjika bega, lakini kichwa chake hakikupata hata jeraha. Ina mkwaruzo mrefu upande wa kushoto, na mdogo wangu akiuona hatakubali kuivaa. Nimeikagua ndani, nayo ni nyeupe na haina ufa wowote. Kama ilimwokoa kaka, sioni kwa nini isimfae mdogo wake, na helmeti mpya ya kiwango hicho siimudu kwa sasa.

Msomaji Makini: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Mwanzoni helmeti ilikuwa nzima, sasa imepata ajali, na katikati kuna mchoraji anayesifiwa kila mara. Huenda tunasomeshwa tangazo la biashara.

Mpenda Sanaa: Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Mtu anayeogopa hadi kukosa usingizi asingelipa nusu ya fedha kabla ya kuuliza.

Kaka wa Temeke: Sijamtaja mchoraji kwa jina wala mahali anapofanyia kazi, sasa tangazo liko wapi? Nililipa kwa sababu nilitaka jambo hili liishe kabla mdogo wangu hajaiona helmeti.

Fundi Msasa: Iwe kweli au imetungwa, atakuwapo msomaji mwenye helmeti kama hii, kwa hiyo nitajibu. Povu la ndani huzuia pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Mbonyeo huo huweza kuwa upande wa gamba usiouona, hata kama upande unaogusa sponji unang'aa kwa weupe. Helmeti hiyo ilimlinda kaka yako kwa kutumia uwezo wake wote, na rangi itaficha tu ushahidi huo. Mnunulie kijana helmeti mpya, ya rangi moja na ya bei unayoiweza, lakini yenye alama ya ubora na inayombana kichwa sawasawa. Fedha uliyolipa, mwombe mchoraji aihamishie kwenye tenki la pikipiki, kwa kuwa chuma hupokea vizuri rangi ya mafuta. Amalizie kwa vanishi ya magari inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu, la sivyo petroli itakayomwagika kwenye mfuniko itakula picha. Vanishi hiyo ipuliziwe na fundi mwenye barakoa ya kuzuia kemikali, kwani hewa yake huumiza mapafu.

Kaka wa Temeke: Habari ya tenki nitamweleza mchoraji kesho. Kuhusu helmeti ya kaka bado sijaamua, kwa sababu naona uchungu kuitupa.

Mama Wawili: Si lazima uitupe, mwanangu. Ichorwe na itundikwe sebuleni, lakini ikate mikanda leo hii, asije mtu wa nyumbani akaivaa kwa haraka ya asubuhi.