Binti wa kaka yangu anataka kusoma akiolojia. Aende chuo gani?

Shangazi wa Umoja

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri, tena mapema, kwa sababu dirisha la KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, halikai wazi sana.

Binti wa kaka yangu anaishi nami hapa Umoja tangu alipoingia kidato cha kwanza. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, amepata B. Historia A-, Jiografia B+, Biolojia B, Hisabati C+. Anataka kusoma akiolojia, elimu ya mabaki ya watu wa kale, na hana kozi ya pili moyoni. Walipelekwa na shule kwenye makumbusho pale Museum Hill, akaona mifupa ya binadamu wa kale anayeitwa Mvulana wa Turkana, na tangu siku hiyo anasoma kila anachokipata. Atakwambia mifupa ile ilipatikana Nariokotome mwaka wa 1984, kwamba aliyeona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, na kwamba mvulana huyo aliishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Kaka yangu ndiye anayelipa karo, naye amesema ni ualimu tu, Historia na Dini. Anasema tangu azaliwe hajaona tangazo la kazi linalotafuta mwanaakiolojia. Namheshimu, na hofu yake naielewa. Lakini miaka minne ni mingi kwa mtoto kusomea kitu ambacho hakutaka.

Nisaidieni: Nairobi, Kenyatta, au nje ya nchi? Na baadaye atakula nini? Msinipe moyo tu. Nataka maneno ninayoweza kumpelekea babake akae ayapime.

Otis wa Juja

Shangazi, mwambie asome ualimu kwanza, hayo mengine atayasoma akishapata mshahara. Kazi za makumbusho zinahesabika kwa vidole. Na huyo Kamoya mnayemtaja hakwenda chuo kikuu.

Mwiko na Brashi

Dada, mpe binti pongezi zangu. Mimi nilisoma akiolojia hapa hapa Nairobi na ndiyo inayolipa kodi yangu ya nyumba, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Jina la chuo lisikusumbue kwanza. Kila chuo mtakachokifikiria, nendeni idarani mkaulize: mwanafunzi wa shahada ya kwanza anakwenda kuchimba mwaka wa ngapi, wapi, kwa muda gani, na nani anagharamia? Wakikujibu kwa tarehe na jina la mahali, kaeni muongee. Wakikwambia mambo hayo hupangwa baadaye, shukuruni mwende.

Nasema hivyo kwa sababu akiolojia haisomwi ubaoni. Unapiga magoti ndani ya mraba wa mita moja kwa moja uliozungushiwa uzi. Unakwangua udongo kwa mwiko, sentimita tano, unapima, unachora, ndipo unashuka tano nyingine. Kila ndoo ya udongo inapitishwa kwenye chekeche. Kinachobaki juu ya wavu, hata kigae kidogo kuliko ukucha, kinaingia kwenye mfuko wenye jina la eneo, namba ya mraba, kina na tarehe. Mfuko ukikosa maandishi hayo kazi ya siku nzima imepotea, maana kitu kisichojulikana kilitoka tabaka gani hakiwezi kulinganishwa na chochote. Saa sita jua liko utosini na bado mna ndoo zinazosubiri. Wapo wanaopenda makumbusho lakini hawaiwezi kazi hii, na ni vizuri mtu ajue hilo mwaka wa kwanza kuliko wa nne.

Sasa vyuo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Idara ya Historia na Akiolojia, na mimi binafsi ningemweka hapo kwa sababu ya mahali kilipo. Kutoka kampasi kuu hadi makumbusho unatembea kwa miguu. Mule ndani mna hazina ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na zana za mawe ambayo watafiti wanapanda ndege kutoka Marekani na Ufaransa kuja kuitazama. BIEA, taasisi ya utafiti ya Waingereza, iko Kileleshwa na ina maktaba nzuri ya akiolojia ya Afrika. Jarida la Azania lilianzia kwao mwaka wa 1966. Mwanafunzi mwenye bidii wa Nairobi anaomba kujitolea makumbusho tangu mwaka wa kwanza, anaosha vigae, anaandika namba, anapanga masanduku. Mradi ukija na watu wakitafutwa, anaitwa yule ambaye tayari wanamjua.

Kuhusu kula: ni kweli makumbusho hayaajiri wengi. Lakini tangu sheria ya mazingira ya 1999, miradi mikubwa inafanyiwa tathmini kabla ya kuanza, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda maeneo ya kale. Barabara, nyaya za umeme, mitambo ya upepo, bomba la maji: mara nyingi mwanaakiolojia anatangulia kukagua ardhi na kuandika ripoti. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ni ya mkataba, kuna miezi ya neema na kuna miezi ya kukaza mshipi. Anayejua kutengeneza ramani kwa kompyuta, kuandika ripoti inayosomeka na kuendesha gari hakosi simu.

Na ndugu Otis, Kamoya alikuwa na macho ambayo chuo hakiwezi kumpa mtu, na alifundishwa kazi porini tangu ujana akiwa na kina Leakey, ile familia ya watafiti wa visukuku. Siku hizi huongozi uchimbaji bila shahada, na asiye na shahada jina lake huwa halitangulii kwenye makala. Binti aingie na karatasi mkononi.

Mwalimu Ndambuki

Shangazi, mimi nafundisha Historia sekondari huku Machakos. Mweleze kaka yako hivi: BA, yaani shahada ya sanaa, haifungi mlango wa ualimu. Akichukua BA yenye masomo mawili yanayofundishwa shuleni, tuseme Historia na Jiografia, na KCSE yake ina C+ kwenye masomo hayo, anaweza baadaye kufanya diploma ya uzamili ya elimu na kusajiliwa na TSC, tume ya walimu. Alama zake zinatosha kabisa. Kwa hiyo wakati wa kuchagua masomo ya BA aangalie asiache Jiografia. Hapo baba anapata bima yake na mtoto anapata akiolojia yake.

Kenyatta pia msikipuuze. Idara yao inaunganisha Historia, Akiolojia na masomo ya siasa. Ombeni orodha ya kozi za mwaka wa kwanza hadi wa nne, muhesabu ni ngapi hasa zinahusu akiolojia.

Mwiko na Brashi

Mwalimu amenena. Hiyo ya kuhesabu ndiyo muhimu. Kozi mbili za akiolojia ndani ya shahada ya historia hazimtoshi mtu kupewa mraba wake achimbe.

Binti Mlimani

Habari za huko jirani. Nachangia kutoka Dar. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu 1985, na kuna idara yake kamili ya akiolojia na masomo ya urithi, haijabanwa ndani ya historia. Mafunzo ya nyanjani ni sehemu ya masomo. Na nchi yenyewe ni darasa: Olduvai lilikopatikana fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka wa 1959, nyayo za Laetoli, Engaruka, Kilwa Kisiwani. Shahada ni miaka mitatu.

Ila jambo moja dada yangu. Kwetu watu wanaingia chuo kikuu baada ya kidato cha sita, nanyi mnamaliza cha nne. Andikeni barua kwa ofisi ya udahili mkaulize KCSE yake inapimwaje na ulinganifu wa vyeti unafanywa wapi, kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu.

Mzee wa Chiromo

Naongeza njia ambayo watu huisahau. Wengi wanaotafiti asili ya binadamu hawakuanza na akiolojia. Walianza na jiolojia, biolojia au anatomia, wakaingia kwenye visukuku katika shahada ya pili. Zana za mawe za Lomekwi 3, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, zilitangazwa mwaka wa 2015 kuwa na miaka milioni 3.3. Jiwe halisemi umri wake. Umri ule ulitokana na kusoma matabaka ya majivu ya volkano na alama za sumaku zilizobaki kwenye udongo. Hiyo ni kazi ya mwanajiolojia.

Jiolojia inafundishwa Chiromo, ng'ambo tu ya makumbusho. Na mwanajiolojia akikosa mifupa ana maji ya visima, ana mawe ya ujenzi, ana umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria. Kama Fizikia au Kemia yake ni nzuri na Hisabati haimtishi, baba anaweza kuikubali hii haraka. Lakini kama kinachomvutia ni watu na maisha yao, asilazimishwe. Mtoto muulize swali hilo moja: anapoiona ile mifupa, anawaza mwili au anawaza maisha?

Shangazi wa Umoja

Nimemwuliza. Kasema anawaza walikula nini, walizika vipi, nani alimlilia. Nadhani tumejibiwa.

Asanteni nyote, sikutarajia haya. Mwalimu, hiyo ya TSC nimeiandika kwenye karatasi. Nina swali ambalo kaka yangu hajalisema ila najua liko rohoni mwake, na mwangu pia. Huko porini, msichana wa miaka kumi na minane, hema na watu wasiojulikana. Mnaonaje?

Wanjiru wa Chekeche

Shangazi, hilo naomba nijibu mimi. Nimelala kwenye kambi za utafiti Turkana na pwani. Wanawake wako wengi na wanaongoza. Mary Leakey ndiye aliyemwona Zinjanthropus. Utafiti wa Lomekwi uliongozwa na Sonia Harmand. Katika Makumbusho ya Taifa, Purity Kiura ni mwanaakiolojia aliyefikia uongozi wa idara nzima ya mambo ya kale.

Hata hivyo kambi hazifanani. Kuna moja niliyowahi kufika, siitaji, ambako hakuna aliyejua tupeleke wapi malalamiko yetu. Tangu hapo sipandi gari kabla sijaambiwa nani msimamizi wa kambi, mahema ya wanawake yako wapi, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, simu ya setilaiti ipo au haipo, na mtu akikosewa anamweleza nani ambaye si bosi wa shimo. Mpeleke binti na maswali hayo. Kambi nzuri haikasiriki kuulizwa.

Na kuhusu maisha na kuzika: mwambie asome habari za Panga ya Saidi kule Kilifi. Ndani ya pango alipatikana mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Wakamwita Mtoto. Utafiti ulitangazwa mwaka wa 2021 na Emmanuel Ndiema wa makumbusho yetu alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Mimi niliposoma jinsi kichwa chake kilivyoonekana kiliwekewa kitu cha kukiegemeza, niliweka karatasi chini. Mtoto wenu anauliza maswali ya watu wa fani hii.

Shahada ya pili isiwatie hofu sasa hivi. Kuna ufadhili wa Baldwin wa wakfu wa Leakey, na wa Wadsworth wa wakfu wa Wenner-Gren kwa anayekwenda kusoma uzamivu Afrika Kusini. Vyote vinataka mtu aliyekwisha kuonyesha kazi.

Otis wa Juja

Nimesoma yote. Njia ya BA na Jiografia naikubali. Ningekuwa mimi ndiye mzazi ningesaini.

Shangazi wa Umoja

Kaka yangu amekubali tukae Jumamosi. Mwiko, kuna mahali karibu na Nairobi naweza kuwapeleka wote wawili, baba aione kazi yenyewe badala ya mimi kumhubiria?

Mwiko na Brashi

Olorgesailie, barabara ya Magadi, kama kilomita 70 hivi. Mnapitia Kiserian, na magari ya kuendelea mbele ni machache, kwa hiyo mtoke alfajiri. Bebeni maji mengi na kofia, huko chini ya bonde ni joto kweli. Mtapita juu ya daraja la mbao na kuona mashoka ya mawe kwa mamia yamelala pale pale yalipoachwa. Kina Leakey walianza kupafanyia kazi miaka ya 1940, na utafiti wa makumbusho yetu na Smithsonian umeendelea kwa miongo. Mwombeni mlinzi wa eneo awaonyeshe pia mifupa ya tembo wa kale, na mwambieni awasimulie kuhusu zana ndogo za miaka 320,000 hivi, zilizochongwa kwa mawe meusi ya obsidiani yaliyobebwa kutoka mbali. Baba amuulize huyo mlinzi maswali yake yote ya kazi na mshahara. Watu wale wamewaona wanafunzi wengi wakija na kuondoka.

KUCCPS ikifunguka, jazeni Nairobi chaguo la kwanza na Kenyatta la pili, ila kwanza mkapige hodi idarani na lile swali la kuchimba. Mambo ya mkopo wa HELB yakiwatatiza, andika hapa hapa. Wapo wanaoyajua kunishinda.