Besimenti ya zamani: nikarabati tu au nibomoe yote?

Wakuu habari zenu. Nyumba yetu ni ya zamani, ina besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ambayo mwenye nyumba aliyepita aliimalizia kabisa, ukutani jipsamu, chini kapeti, juu silingi bodi. Kwa macho iko poa, ila ukifungua mlango asubuhi unapokewa na harufu ya nguo iliyogoma kukauka, halafu ule ubao wa chini ya ukuta umevimba pembeni. Mke wangu anasema tutoe kapeti tupige rangi yaishe, mimi nafsi inaniambia bomoa mpaka tuone zege. Mngefanyaje?

Jibu 1
Rangi haifukuzi harufu mkuu. Ng'oa huo ubao uliovimba, kata kipande cha jipsamu kama sm 30 hapo hapo chini, kigeuze uangalie mgongo wake. Ukikuta weusi weusi ukuta huo unatoka. Pakiwa pakavu umeokoa hela.

Jibu 2
Mi nilikuwa mbishi kama wewe, nikabomoa yote nikajenga upya ikapendeza kweli, mvua kubwa ya kwanza tu maji haya hapa, kona ile ile! Kumbe bomba la gata, lile linaloshusha maji ya mvua kutoka paani, lilikuwa linamwaga pale pale kwenye msingi, na udongo wa nje umeinamia ukutani. Anzia nje ndugu yangu. Ndani, funua kapeti, bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita kwenye zege, ziba pande zote na tepu, iache siku nzima. Nailoni ikilowa kwa chini, maji yanapanda kutoka ardhini, ikilowa kwa juu ni unyevu wa hewa ya humo ndani.

Jibu 3
Naongezea moja, chini ya kapeti ukikuta vigae vya inchi 9 kwa 9 na gundi nyeusi USIVUNJE wala kupiga msasa, vya zamani vingi vina asbesto, nyuzinyuzi za madini ambazo vumbi lake ukilivuta linaharibu mapafu. Vipimwe kwanza.

Mleta mada
Nimekata leo. Ukuta wa upande wa gata una ukungu kama mpaka gotini, misumari imekula kutu, kuta nyingine tatu pakavu kabisa. Kwa hiyo unabomolewa huo mmoja, na sio kabla sijahamisha lile bomba. Nailoni nimeibandika jioni hii, mke wangu anacheka tu eti nimeivalisha sakafu koti la mvua.