Mjadala: Je, Mombasa iwawekee kumbukumbu wanyama waliokufa vitani?

Mwenye mada:

Kando ya Barabara ya Digo zimesimama sanamu za ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Je, mji huu uwawekee kumbukumbu pia farasi, baghala, punda na maksai walioteketea katika vita hivyo hivyo? Watakaocheka nawaomba wasome kwanza, kisha wacheke.

Vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vilikuwa vita vya kutembea porini, na kila sanduku la risasi na kila kibaba cha unga kilihitaji mgongo wa kukibeba. Wanyama waliteremshwa hapa Kilindini, wakapakiwa kwenye mabehewa hadi Voi, na kutoka hapo wakaingizwa katika nchi ya mbung'o, nzi anayewaambukiza wanyama maradhi. Farasi aliyeumwa na mbung'o hafi siku hiyo: hushikwa na homa inayokuja na kwenda, macho yakamtoka machozi, tumbo la chini na miguu vikamvimba, akakonda huku akiendelea kula, mpaka miguu ya nyuma ikashindwa kumbeba. Mwaka 1916 vikosi vya wapandafarasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali Smuts aliyeongoza jeshi la Waingereza, vilipoteza farasi kwa maelfu, na wengi wao hawakuguswa na risasi.

Kwa macho ya mnyama, vita hivyo havikuwa na Mwingereza wala Mjerumani. Huko Tanga, Novemba 1914, nyuki waliotibuliwa na mapigano waliwavamia askari wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Jeshi la Waingereza liliposhindwa na kupanda meli kuja Mombasa, wakatokea waliodai kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi. Binadamu ni mzito kukubali kwamba kiumbe aweza kuwa vitani bila kuwa na upande. Kwa sababu hiyo nataka kumbukumbu, lakini nakataa sifa ya ushujaa. Mnara wa wanyama wa vitani uliozinduliwa London mwaka 2004 umeandikwa kwamba hawakuwa na hiari, na hilo ndilo neno la haki. Nishani aliyovishwa mwaka 2020 panya buku Magawa, aliyefunzwa Tanzania akaenda kunusa mabomu ya ardhini kule Kamboja, hainiridhishi: kazi yake iliokoa watu, naam, ila mwenyewe alikuwa akitafuta kipande cha ndizi.

Mchangiaji wa Likoni:

Mwenye mada, nimekusoma kwa heshima, na napinga. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao ni babu zetu wapagazi. Wagiriama walioasi mwaka 1914 walidaiwa, katika masharti ya amani, watoe vijana wa upagazi, na walikuwa wakipigania uhuru wao katika ardhi yao. Mkoloni aliwahesabu watu hawa pamoja na wanyama wa mizigo. Leo anayemtaja punda pale pale anapotajwa mpagazi, hata kwa nia njema, anarudia daftari la mkoloni. Isitoshe, uhuru ni jambo la anayejua amenyang'anywa nini. Punda mfungue kamba jioni, asubuhi utamkuta mlangoni.

Mchangiaji wa Mji wa Kale:

Bwana wa Likoni, punda kurudi mlangoni si ushahidi kwamba ameridhika. Amerudi penye maji. Nina neno moja tu. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na kuanzia 1977 hadi 1992 ikapigana yenyewe kwa yenyewe. Katika mbuga ya Gorongosa zaidi ya asilimia 90 ya ndovu walitoweka, wakiuawa kwa ajili ya pembe na nyama. Katika majike waliosalimika, yapata nusu hawakuwa na pembe, na wakawarithisha binti zao hali hiyo. Sisi Barabara ya Moi tuna pembe kubwa za alumini, zilizowekwa kwa heshima ya wageni wa kifalme wa Uingereza miaka ya 1950, wala hakuna anayeuliza mwenye pembe yuko wapi.

Mwenye mada:

Bwana wa Likoni, hoja yako ni nzito na sitaikimbia. Ila tazama mambo yalivyofuatana. Mpagazi aliwekwa mahali pa punda aliyekufa. Mbung'o alipowamaliza wanyama, jeshi halikupunguza mzigo, liliongeza watu, hata Waafrika waliobebeshwa na pande zote mbili wakakaribia milioni moja, na waliokufa wakafa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa bunduki. Ukiacha kifo cha yule baghala nje ya masimulizi, utaeleza vipi kwa nini idadi ya vijana waliotakiwa iliongezeka mwaka hadi mwaka? Daftari la mkoloni liliwaweka pamoja ili lisiwajibike kwa yeyote kati yao; mimi nalifungua ili liwajibike kwa wote.

Kuhusu uhuru, nakubali kwamba punda hakuudai, na ndiyo maana sitaki aitwe mpigania uhuru. Ninayemtafuta ni aliyemfunga kamba. Basi kumbukumbu ya wapagazi ije kwanza, kwa majina kila yanapopatikana, na pale Barabara ya Digo pasiguswe. Kibao cha wanyama kiwe Kilindini, kwenye mlango walioingilia, kiseme walikotolewa, walichobebeshwa na maradhi yaliyowaua, bila neno la kujitolea. Kikiwekwa huko, mbali na sanamu za askari, bado utakipinga?