Wakuu, peleti za kuvulia karpi kipindi hiki cha baridi mnaziandaaje?

MshipiMrefu:
Habari zenu wakuu. Mi niko Leicester hapa Uingereza, navua kwenye haya mabwawa ya kulipia, karpi ndo hasa, na samaki wengine kama rochi na brimu wakijileta nachukua. Kiangazi mambo yalikuwa safi kabisa, naweka peleti (vipunje vya chakula cha samaki) za halibut mm 6 nafunga na kiraba kwenye ndoana, zingine narusha kwa manati, samaki wanagombania. Tangu Desemba iingie bwawa kama halina kitu. Chelezo kinasimama tu, nikivuta juu peleti iko ngumu vilevile kama ilivyoingia. Jamaa wa pembeni wanatoa samaki, siyo wengi ila wanatoa, na kwenye vikopo vyao naona ni peleti pia ila laini laini na rangi imepauka, ukiwauliza wanakwambia zimelowekwa basi. Zinalowekwaje? Muda gani, maji ya moto au ya kawaida? Nimenunua na ekspanda (peleti nyepesi zilizotanuliwa) mm 4 nimeziweka kwenye kopo la maji zinaelea tu hazizami. Bwawa pembeni lina kama futi 4, katikati 7. Nisaidieni jamani, huu uvuvi naupenda sana na sitaki kukaa ndani mpaka Aprili.

FundiChambo:
Mkuu karibu. Hizo za halibut weka kabatini, funga vizuri zisiingie unyevu, utazitoa maji yakipata joto. Zina mafuta mengi ya samaki, na kwenye maji ya nyuzi 4 au 5 mafuta yanakuwa mazito hayatoki kwenye peleti kwenda kuita samaki, fikiria mafuta ya nazi yanavyofanya asubuhi ya baridi. Alafu samaki mwili wake unafuata joto la maji, maji yakipoa na tumbo linapoa, chakula kinakaa siku nyingi hakijasagika, kwahiyo anakula kidogo sana na anataka kitu chepesi. Tafuta peleti zenye mafuta kidogo, mm 2 za kulishia, hizo ekspanda zako mm 4 ziwe za ndoana.

Za mm 2 mi nafanya hivi. Namwaga peleti kavu kwenye beseni, naweka maji ya vuguvugu (siyo ya kuchemka, yale yanazigeuza uji) mpaka yazifunike, nasubiri dakika 2 hivi au 3 alafu namwaga kwenye chujio na naacha zichuje zenyewe, usizibonyeze. Zikishachuja zinarudi kwenye beseni, nafunika, nusu saa. Hapo kwenye kufunika ndo wengi wanapaharakisha, kumbe zinaendelea kunywa yale maji yaliyobaki mpaka katikati. Ukifunua utakuta zimeshikana, zipitishe kwenye chekeche zitengane. Jaribio lake: shika fumba moja, bana mara moja tu na kiganja, inatakiwa ishikane donge ila ukiitumbukiza kwenye ndoo ya maji ndani ya dakika iwe imeshamwagika chini. Ikikaa donge umebana sana au zimelowa kupita kiasi. Kiangazi hata ukichelewa kidogo maji yenyewe yanakumalizia kazi, baridi hii peleti ngumu inachukua muda mrefu sana kulainika kule chini, ndo maana yako inarudi kama ilivyoenda.

Mto_Nene:
Kuhusu ekspanda, zinaelea sababu ndani zina hewa, lazima uitoe. Kuna vipampu vinauzwa kwenye maduka ya uvuvi, unaweka peleti na maji unavuta hewa, mapovu yanatoka mengi, ukiachia zinazama zote kwa pamoja. Kama huna, chukua sirinji kubwa ya ml 60, toa ile pistoni, weka ekspanda na maji, rudisha pistoni, ziba mdomo na kidole, vuta. Shikilia kidogo, achia. Rudia mpaka ziende chini. Ziache kwenye maji yaleyale dakika 20 mpaka 30 ndo umwage maji, bakiza kidogo chini ya kopo, na kifuniko uwe nacho maana upepo ukizikausha zinapasuka kwenye ndoana.

MfugajiIringa:
Mi sivui ila nafuga sato huku Iringa nimependa huu uzi. Hiyo ya kuelea ni kweli kabisa, chakula chetu cha kuelea kinatengenezwa hivyohivyo, kinatanuliwa na mvuke mpaka kinabaki na hewa ndani. Na hata huku Juni na Julai baridi ikishika sato wanapunguza kula wazi wazi, ukiwamwagia kipimo cha Januari chakula kinaozea kwenye maji. Kwahiyo usiwamwagie chakula kingi ukidhani unawaita.

MshipiMrefu:
Aisee asanteni sana, sirinji naipata kesho. Sasa kulisha nilishe kiasi gani, manake nilikuwa narusha manati kila dakika mbili tatu?

FundiChambo:
Manati weka chini kabisa mkuu. Tumia kile kikombe kidogo cha kulishia kinachofungwa kwenye ncha ya ufito, bana kwa vidole viwili, peleti kumi hivi, weka palepale ndoana ilipo. Usiongeze mpaka upate samaki au dalili ya samaki. Kabla ya yote pima kina kwa chubwi, tafuta zile futi 7 za katikati, maji yenye nyuzi 4 ndo mazito kuliko yote yanakaa chini, juu panaweza kuwa na barafu lakini chini hapagandi, na samaki wanajikusanya huko kundi moja. Unaweza kukuta mita mbili pembeni yao hakuna kitu. Ndoana ndogo, namba 18, uzi mwembamba, na ncha ya chelezo iwe nyembamba maana anagusa kidogo sana, kinatikisika tu, usingoje kizame.

NaksNorthampton:
Mimi naona mnajisumbua na peleti lakini, siku maji yamepoa kabisa mimi naenda na funza wekundu tu, wawili kwa ndoana. Funza anajitingisha hata samaki amelala ataangalia. Ama mkate, unakata kiduara kidogo cha mkate mweupe, rochi wanapenda sana.

Mto_Nene:
@NaksNorthampton funza wazuri sikatai ila kwenye mabwawa ya karpi watakuletea vidagaa mfululizo. Mi nabeba vyote, naanza na ekspanda, nusu saa kukiwa kimya nabadili. Na mkuu MshipiMrefu soma kibao cha getini, mabwawa mengi hawataki peleti za nje, unanunua za kwao tu, kwahiyo usiloweke kilo nzima nyumbani alafu ukatazwe. Ndoana nazo wengi wanataka zisizo na kile kijino cha nyuma ya ncha kinachozuia samaki kuchomoka.

MshipiMrefu:
Kweli, kwetu kuna hicho kibao na za kwao ziko mm 2 na 4. Zikibaki zilizolowekwa naziweka friji?

FundiChambo:
Friji siku moja mbili zisichache, zaidi ya hapo friza kwenye mifuko midogo, unatoa mmoja usiku wa kuamkia safari. Zikishika ukungu tupa, usimpe samaki. Na usiende alfajiri, nenda saa tano, jua likishapiga maji kidogo, mpaka saa tisa hivi.