Mrejesho: wapishi wangu wa zamu mbili sasa wanasemezana

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri: wapishi wa asubuhi na wa jioni kwenye jiko ninalosimamia hapa Arusha walikuwa hawasemezani, vitu vikipungua kila upande unalaumu mwingine.

Nilifuata wazo la makabidhiano. Dakika 15 zamu zikipishana, wote mbele ya friji, daftari moja, kilichobaki kinaandikwa na pande zote zinasaini. Wiki ya kwanza walinuna. Kumbe nyama na mchele vilikuwa vinatoka stoo bila kuandikwa, na stoo ni jukumu langu. Niliwaomba radhi mbele ya wote.

Juzi mpishi wa jioni aliwahi kufika, akamsaidia mwenzake kumenya ndizi. Nilifurahi mno! Mmoja bado hasaini; nitakaa naye Jumatatu. Asanteni sana.